Kabla Hujauchua Mguu

Wajukuu zangu, kwetu mguu ukiuma mkono hufika kabla ya swali. Mtu akisema tu, "Shavu la mguu linaniuma, nikishika hapa pana kitu kigumu," tayari shangazi keshainjika maji jikoni, mjomba keshafungua kichupa cha dawa ya kuchua, na jirani aliyekuja kuomba chumvi keshaketi mkekani, mguu wa mgonjwa uko mapajani mwake, anauminya. Ni mapenzi hayo, siyakatai. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga mpaka nikastaafu, na bado naamini mgonjwa mwenye watu hupona upesi kuliko aliyeachwa peke yake. Lakini hapo nyuma ya mguu, baina ya goti na kisigino, nawaomba mikono isubiri kidogo.

Mahali pale hukutana maradhi yasiyo na undugu wowote, nayo yote huja na sura ile ile: maumivu, ugumu, uvimbe. Upo msuli mnene wenye vichwa viwili ndio unaolifanya lile shavu, chini yake upo mwingine mpana, na katikati hupita mishipa inayorudisha damu moyoni. Kila unapopiga hatua misuli huiminya mishipa, damu ikapanda. Ukikaa bila kusogeza miguu, damu nayo hutuama. Basi uvimbe wa hapo waweza kuwa wa msuli, wa mshipa, wa ngozi, wa mfupa, au maji yaliyoteremka kutoka gotini. Upo unaotaka kuchuliwa, na upo ambao ukiuchua unaweza kumpoteza mwenyewe. Kwa macho matupu hata daktari hodari hukosea. Ndiyo maana siwafundishi dawa leo. Nawafundisha kuuliza.

Uliza kwanza ulianzaje. Kijana akiniambia alikuwa anakimbilia mpira kwenye chandimu, akahisi kama amepigwa teke kwa nyuma, akageuka asimwone mtu, huyo hanisumbui akili: mara nyingi nyuzi za msuli zimekatika. Hutokea zaidi upande wa ndani wa shavu, na huwapenda sana wanaume waliokwishavuka thelathini wanaoingia uwanjani Jumapili wakidhani miguu bado ni ile ya sekondari. Damu huvujia ndani, hujikusanya, ndicho hicho kigumu unachokigusa. Siku chache baadaye utaona weusi umeshuka mpaka kwenye kifundo. Mtu huyo apumzike, awekewe barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, aondolewe, arudiwe baada ya saa chache; afungwe bandeji isiyokaba, mguu uinuliwe juu ya mto. Maji ya moto na kuchua katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha kuvuja. Na wako waliochuliwa kwa nguvu mno hadi pale damu ilipokusanyika pakaota mfupa ndani ya msuli. Naam, mfupa hasa, unaoonekana kwenye eksirei baada ya wiki kadhaa.

Msuli uliobana usingizini ni habari nyingine. Huo hukuamsha kwa ukelele, unakuwa mgumu kama jiwe, kisha huachia baada ya dakika chache na kukuachia uchungu wa siku moja au mbili. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, umekwisha. Huo uchueni mpendavyo.

Sasa njooni kwenye lile linalonifanya nizuie mikono yenu: bonge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Mwaka 1856 daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alieleza kwamba bonge lililokwama mapafuni huwa limesafiri kutoka mshipa wa mbali. Na mambo yanayoigandisha damu ndani ya mwili, tunayoyataja mpaka leo pamoja na jina lake, ni matatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Ukiyashika hayo matatu utajua mwenyewe ni nani wa kumwogopea. Aliyelala kitandani baada ya upasuaji. Aliyefungwa hogo mguuni. Mwenye saratani. Mvutaji sigara. Mtu mnene asiyetembea. Binti anayemeza vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni. Na hapa niongeze upesi, msije mkavitupa vidonge vyenu jalalani leo jioni, kwa sababu hatari hiyo ni ndogo kuliko ile ya mimba yenyewe. Na yuko msafiri. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007 kwamba kukaa kitini safarini kwa saa nne au zaidi huongeza hatari hii kama mara mbili, iwe ndege, treni, gari au basi. Kwa mtu mzima wa afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kiasi cha mmoja katika watu 6,000. Lakini fikirini basi la Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, mtu ameketi dirishani na gunia miguuni, hanywi maji kwa sababu hataki kuomba dereva asimame. Huyo kunywa anywe, na kila kituo ashuke atembee. Akishindwa kushuka, apandishe na kushusha visigino pale pale alipo.

Bonge hili mara nyingi haliji kama kidonge unachoweza kukizungushia vidole. Huja kama mguu mmoja uliojaa. Nasema mmoja, kwani miguu yote miwili ikivimba sawasawa kwanza hufikiriwa moyo, figo, ini, au mimba. Shavu huwa zito, lina joto, linauma unapolibonyeza katikati, pengine ngozi imeiva wekundu au inang'aa, na kwa sisi wa rangi ya kunde wekundu huo hauonekani vizuri, basi tumieni mgongo wa mkono kulinganisha joto la mguu huu na ule. Kama nyumbani mna utepe wa fundi cherehani, tafuteni kile kifupa kilichotokeza chini kidogo ya goti kwa mbele, shukeni sentimita 10, pimeni mzunguko wa miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 3, mguu huo una jambo. Ikiwa chini ya hapo msijihakikishie, maana hiyo ni dalili moja tu kati ya kadhaa anazozihesabu daktari. Na ile ya kukunja unyayo kuelekea juu ili kuona kama shavu litauma, ambayo bado naiona ikifanywa kwa kujiamini sana, iacheni. Wengi wenye bonge hawaumii ukiwafanyia hivyo, na wengi wasio nalo huumia.

Mguu huo ukiuchua, ukiukanda, ukiuumika au ukiupandia kwa miguu kama wafanyavyo wengine, bonge laweza kung'oka, likapanda na damu hadi moyoni, likasukumwa mapafuni na kuziba njia. Mtu hukosa pumzi ghafla, kifua humchoma anapovuta hewa, moyo unakimbia, pengine anakohoa damu au anaanguka. Laweza kung'oka hata lisipoguswa, najua. Ndiyo sababu nasema hospitali siku hiyo hiyo, si kesho baada ya soko. Na pumzi zikianza kubana, mwiteni mwenye gari wakati mnavaa viatu.

Iko pia damu inayoganda kwenye mishipa ya juu, hasa kwa mwenye mishipa iliyotuna na kujipinda chini ya ngozi. Hii ndiyo inayoleta kidonge hasa, au kitu kama ugwe mgumu unaoufuata kwa kidole, unauma na una wekundu. Wengi huidharau kwa kuwa ni ya juu. Ikiwa ndefu, au iko karibu na pale mishipa ya juu inapoungana na ya ndani, kama nyuma ya goti au kwenye kinena, yaweza kuingia ndani. Nayo haichuliwi.

Hapa nataka nikae na mabinti, na mama zao, na hasa na mama wakwe. Mjamzito damu yake huwa tayari kuganda kuliko ya mwanamke asiye na mimba, kama mara nne au tano, na ni hekima ya mwili kujiandaa asitokwe na damu nyingi siku ya kuzaa. Hatari haishi mtoto akilia. Kilele chake ni zile wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua. Hesabuni wenyewe: wiki sita ni siku 42, ndiyo arobaini yetu. Katika siku zile zile ambazo damu ya mzazi iko tayari zaidi kuganda, sisi wa pwani tumemweka ndani, tumemlaza, tumemkataza kushuka kitandani, halafu asubuhi na jioni anakuja mkandaji na maji yake ya moto.

Msinielewe vibaya. Arobaini imewaokoa wanawake wengi na jembe na mtungi, na mimi mwenyewe nilikandwa na mama yangu mpaka leo nakumbuka harufu ya mvuje na karafuu. Siivunji. Nataka irekebishwe mambo mawili. Mzazi atembee, hata kama ni kutoka kitandani hadi uani na kurudi, mara nyingi kwa siku, tangu siku ya kwanza akipata nguvu. Aliyepasuliwa naye vivyo hivyo, tena yeye zaidi, kwani upasuaji humwongezea hatari. Na mkandaji akifika miguuni aangalie kabla ya kushika. Akiona mguu mmoja umejaa, hasa wa kushoto, asitie mkono. Nasema wa kushoto kwa sababu kwenye nyonga mshipa mkubwa unaorudisha damu ya mguu huo hupita chini ya ateri ya mguu wa kulia, hukandamizwa, na mimba huzidisha mkandamizo huo. Wanawake wengi wanaoganda damu mguuni wakati wa mimba huganda kushoto. Wako wanaoanza na maumivu ya kinena au paja au kiuno, shavu la mguu linafuata baadaye, na nyumbani wanaambiwa ni uchungu wa uzazi haujaisha, au ni baridi, au kuna aliyemtazama kwa jicho baya. Mama mkwe, ukiyasikia hayo, ndiwe wa kusema "twendeni hospitali," kwa sababu mzazi wa wiki mbili hana sauti katika nyumba yako, na mumewe anakusikiliza wewe.

Uvimbe mwingine ninaouogopa kwenye nchi zetu za joto ni jipu la ndani ya msuli. Huwapata watoto na vijana wenye nguvu zao, pengine baada ya kujigonga tu mpirani, na pia wenye kisukari au virusi vya UKIMWI. Kijidudu chake mara nyingi ni kile kile kiitwacho stafilokokasi kinacholeta majipu ya ngozi. Jipu hili hudanganya, kwa sababu mwanzoni halina kichwa, ngozi ya juu ni safi, homa ni kidogo au haipo, msuli tu umekuwa mgumu kama gogo na unauma. Familia husema ameteguka. Huchuliwa wiki nzima. Wiki ya pili usaha umejaa, mtoto anatetemeka kwa homa, na akicheleweshwa zaidi vijidudu huingia kwenye damu na kumuua. Zahanati yaweza kuanza dawa, lakini usaha uliokwisha kukusanyika hautoki kwa vidonge. Lazima utobolewe au ukamuliwe na mwenye ujuzi, na baada ya hapo dozi imalizwe. Sindano za kutuliza maumivu za duka la dawa humficha mgonjwa huyu, anaonekana nafuu leo kumbe jipu linaendelea kuiva. Wembe wa chale ndio usiseme, huo unaongeza mlango wa vijidudu na waweza kumletea pepopunda. Nimewahi kumsikia mtu mzima na akili zake akisema uvimbe wa mjukuu wake ni kombora alilotupiwa. Sikubishana naye. Nilimwambia kombora hilo nalo lina usaha, twende likakamuliwe kwanza.

Waendesha bodaboda, na nyinyi mnaowapakia, lenu ni hili. Mguu uliobanwa na pikipiki au uliovunjika, shavu likaanza kukaza kama ngoma iliyowambwa, maumivu yakapita kiasi cha jeraha lenyewe, na mtu akalia unapomnyooshea vidole vya mguu, huyo ana saa chache tu. Misuli imevimba ndani ya mfuko wake usiotanuka, damu haipiti, na baada ya kama saa sita huanza kufa bila kurudi. Ganzi ya unyayo ni dalili imekwisha kuwa mbaya. Legezeni bandeji, legezeni vibanzi vya mganga wa mifupa kama amevifunga, msiuinue mguu juu, mpelekeni kunakofanywa upasuaji. Hata hogo la hospitali likikaba hivyo rudini nalo usiku huo huo, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mengine nayapitia tu. Mwenye goti bovu la miaka mingi huweza kuwa na mfuko wa maji nyuma ya goti. Daktari wa Kiingereza, William Morrant Baker, aliueleza mwaka 1877 na bado unaitwa kwa jina lake. Ukipasuka, maji huteremka ndani ya shavu, na mguu huvimba sawasawa na ule wa bonge la damu, hata hospitali hawawezi kuutofautisha bila kipimo. Mwenye selimundu akiumwa mguu pamoja na homa achunguzwe mfupa, asiambiwe ni yale maumivu yake ya kawaida. Na sisi wa mwambao, matende hayajatutoka kabisa: homa, tezi ya kinena iliyovimba, halafu wekundu na maumivu yanayoshuka mguuni kutoka juu. Huyo anahitaji dawa, na kila siku auoshe mguu kwa maji na sabuni na kuukausha vizuri hata baina ya vidole, maana vijidudu hupenya kwenye michubuko ya hapo.

Halafu uko uvimbe usio na haraka, na huo unanitia wasiwasi kwa namna yake. Kivimbe laini kinachotelezateleza chini ya ngozi, hakikui, hakiumi, mara nyingi ni mafuta tu. Lakini kinachokua mwezi hadi mwezi, kilichozama ndani, kilichozidi sentimita 5, kikiuma au kisiume, kikatwe kipande kipimwe saratani. Kisitolewe chote kwa haraka na yeyote mwenye kisu kabla haijajulikana ni nini, kwa kuwa upasuaji wa kwanza ukikosewa wa pili huwa mgumu. Vivimbe vyeusi au vya zambarau kwenye ngozi ya mguu, na mguu unaokuwa mgumu kama mbao, vyaweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo Afrika Mashariki tunaijua tangu kabla ya UKIMWI na ambayo ugonjwa huo uliizidisha. Inatibika, hasa mtu akianza na dawa za kufubaza virusi mapema.

Mkifika hospitali, semeni. Vijana wetu wanapoulizwa dirishani wanajibu "mguu," kisha wanaketi benchi saa nne. Sema mguu mmoja umevimba, tangu lini, una joto, nimesafiri, nimezaa, nimepasuliwa, nimekuwa nimelala, na kama pumzi zinabana hilo litangulie yote. Binti akiulizwa kama anatumia vidonge vya majira aseme ndiyo hata kama mama yake amesimama pale. Mficha uchi hazai. Hapo daktari atajua kama apeleke mguu kwenye ultrasaundi ya mishipa, ambayo haiumi wala haina mionzi, na kama hospitali ya wilaya haina, aandike rufaa. Iombeni rufaa hiyo kwa adabu, lakini iombeni.

Likionekana bonge, mgonjwa atapewa dawa ya kuzuia damu isigande: heparini ya sindano chini ya ngozi, wafarini, au vidonge vipya kama rivaroxabani. Dawa hizi haziliyeyushi bonge; hulizuia lisikue huku mwili wenyewe ukilimaliza polepole, na ndiyo maana hutumiwa kwa muda usiopungua miezi mitatu hata kama mguu umekwisha kunywea. Anayemeza wafarini hupimwa damu mara kwa mara, asichoke. Asichanganye na diklofenaki wala aspirini wala mizizi ya sokoni bila kuuliza. Fizi zikitoka damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au mkojo ukiwa mwekundu, arudi mara moja.

Mzazi asikubali kuambiwa amwachishe mtoto ziwa, kwani heparini na wafarini hazimkatazi kunyonyesha. Wa kuiogopa wafarini ni mjamzito, na huyo hupewa sindano za heparini. Akija kushika mimba nyingine, siku ya kwanza ya kliniki, kabla hata ya kupimwa uzito, amwambie mkunga kwamba aliwahi kuganda damu mguuni, na asiondoke mpaka aone limeandikwa kwenye kadi.